Nje ya Gridi? Gede Tuko Huko Kitambo

Wasee, tuongee ukweli kidogo. Kila wiki naona video mpya. Kijana ametoka Nairobi, amevaa kofia ya ukindu, nyuma yake kuna kibanda cha makuti na paneli moja ya sola, muziki wa taratibu unapiga. Maneno ni yale yale: nimeacha gridi, nimepata amani, hata wewe unaweza. Halafu chini ya video kuna namba ya dalali wa ploti. Mara ni Kilifi, mara ni Watamu, mara ni huku kwetu Gede, "dakika kumi tu kutoka baharini".

Mimi ni mtu wa Gede, na natengeneza kontenti kama wao, kwa hiyo najua vile video inapangwa. Msimamo wangu ni huu: kuishi nje ya gridi ni jambo zuri na nataka vijana wengi waanze. Ila hicho mnachouziwa sicho. Mnauziwa ardhi ikiwa imefungwa kwa karatasi ya amani, na mara nyingi ardhi hiyo ina watu wanaoishi juu yake. Ukitaka kweli kuanza maisha haya, ploti ndiyo kitu cha MWISHO unachohitaji.

Nipe dakika zako nikueleze.

Uliiacha gridi, ama gridi ilikuacha?

Hawe wangu, yaani nyanya yangu, alipikia mafiga matatu, akasomea Biblia kwa koroboi na kuchota maji kisimani tangu akiwa msichana. Hakuna mtu aliyekuja kumpiga picha. Hakuna aliyemuuliza siri ya utulivu wake. Watu wa serikali wakipita walimwandika kwenye orodha ya maskini, basi.

Leo kijana akija kufanya hayo hayo mita mia mbili kutoka kwa hawe, anaitwa mwamko mpya. Kibanda ni kile kile. Kisima ni kile kile. Tofauti ni moja: yule kijana akichoka, atapanda matatu pale steji ya Gede na usiku atakuwa Mombasa kwenye kitanda chenye feni. Hawe hakuwa na pa kwenda.

Hiyo tofauti inaitwa hiari, na hatutaweza kuzungumzia mambo ya gridi Kenya bila kuitaja. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu nusu tu ya nyumba za Kenya zilitumia stima ya gridi kwa taa, na karibu nyumba moja kati ya kila tano ilitumia sola. Hao wa sola si wanafalsafa wa maisha mepesi. Wengi wao ni watu ambao nguzo za stima ziliwapita barabarani zikaenda kwingine. Serikali yenyewe inalijua hili. Kuna mradi mkubwa wa sola kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka wa 2017. Kilifi iko kwenye orodha hiyo pamoja na Turkana, Mandera, Lamu na Tana River. Kilifi hii hii ya hoteli na sherehe za mwaka mpya.

Kwa hiyo ukija Gede ukisema umegundua maisha bila stima, kumbuka unaongea mbele ya watu wanaosubiri stima. Usiwaambie stima ni mbaya. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani hataki falsafa, anataka taa.

Gridi yenyewe haijatulia, hilo nakubali

Sitetei gridi kama mtoto wa bosi. Agosti 25, 2023, usiku, nchi karibu nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Mwaka huo huo giza likarudi tena Novemba na tena Desemba. Huku pwani kuna zaidi: maji yetu mengi yanasukumwa kutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, kwa pampu za stima. Zaidi ya mara moja miaka ya karibuni stima ya Baricho imekatwa kwa sababu ya deni la bili, na mifereji ikakauka kutoka Malindi hadi Mombasa. Yaani bili haijalipwa ofisini, na wewe nyumbani huwezi kuosha uso.

Ndiyo maana nasema hamu yenu ni ya haki. Kijana anayetaka kujua maji yake yanatoka wapi na stima yake inatoka wapi ana akili. Tatizo ni kwamba amepelekwa kwa dalali badala ya kupelekwa kwa fundi.

Mji wa zamani ulijua jambo moja

Wale mnaokuja Gede kupiga picha kwenye magofu, hebu safari hii muangalie chini. Huo ulikuwa mji wa Waswahili wenye ngome, msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za mawe ya matumbawe. Ulianza kama karne ya 12 na ukahamwa karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka wa 1948, akakuta vyombo vya kaure kutoka China. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia. Sawa, hayo mtaambiwa na kiongozi wa watalii.

Mimi nataka mtazame visima, vyoo na mifereji. Mji ule haukuwa na gridi ya aina yoyote, na bado nyumba zake zilikuwa na vyoo vya shimo ndani na mahali pa kujisafishia. Kando ya msikiti kulikuwa na kisima na birika la kutawadhia. Maji ya mvua yalipangiwa njia yake. Watu wale walipanga maji kwanza, ndipo wakapamba milango.

Na sasa sikiliza. Moja ya sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa ni maji ya chini ya ardhi kushuka. Kisima cha msikiti mkuu kilichimbwa tena kikaongezwa kina, dalili kwamba watu waliyafuata maji yakikimbia. Zipo sababu nyingine zinazotajwa, kama vita na mashambulizi, na labda zote zilichangia. Lakini fikiria: mji wenye ukuta, wenye pesa, wenye biashara hadi China, na bado kisima kikawa swali la kufa na kupona.

Wewe na tangi lako la lita 500 na paneli moja, maze, umejipanga kuwashinda?

Maji kwanza, sola baadaye

Kila video ya nje ya gridi inaanza na sola, kwa sababu paneli inang'aa kwenye kamera. Maisha yenyewe yanaanza na maji.

Hesabu ni rahisi, ifanye na mimi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Gede hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Paa la mabati la mita 40 za mraba, yaani nyumba ndogo ya vyumba viwili, litapokea lita 40,000. Toa moja kwa tano ya kumwagika na kukauka, unabaki na lita 32,000. Inaonekana nyingi, ama?

Sasa upande wa pili. Watu watano, kila mmoja mtungi wa lita 20 kwa siku, ni lita 100 kila siku. Kwa mwaka ni lita 36,500. Umeshapungukiwa, na bado hujamwagilia mche hata mmoja. Tena mvua ya pwani haiji kwa mafungu sawa. Masika inamwaga Aprili hadi Juni, halafu Januari hadi Machi ni kukavu kama mfupa. Tangi la lita 5,000 likiwa limejaa, familia hiyo inalimaliza kwa siku 50. Kiangazi kinapita hapo.

Na kile kibanda cha makuti kwenye video? Makuti yana baridi nzuri, sikatai. Lakini maji yanayopita kwenye makuti yana vumbi, wadudu na rangi ya chai. Ukitaka kuvuna mvua unataka bati, mfereji wa bati, na njia ya kumwaga maji ya kwanza yenye uchafu wa paa kabla tangi halijafunguliwa. Haipendezi kwenye picha. Ndiyo inayokunywesha.

"Basi nitachimba kisima." Sawa, chimba, lakini jua unachimba nini. Chini ya miguu yetu ni mwamba wa matumbawe, na una matundu na nyufa. Maji yanapita humo haraka, na uchafu pia. Ndiyo maana choo cha shimo na kisima vinatakiwa viachane, angalau mita 30 hivi, na kwenye mwamba kama wetu hata hizo si za kujivunia. Kwenye ploti ya robo eka, ukiweka choo chako mbali na kisima chako, angalia usije ukakiweka karibu na kisima cha jirani. Na ukiwa karibu na bahari ukavuta maji kwa pampu kubwa ili ujaze bwawa la kuogelea, chumvi inasogea ndani. Hailipi bili yako wewe peke yako. Inaingia kwenye mtungi wa mama wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi hata kuonja maji ya bwawa lako.

Hapo ndipo neno "kujitegemea" linapokatika. Ukiacha mfereji wa serikali, unaingia kwenye maji ya majirani. Hakuna nje ya hapo.

Jua halisongi sima

Haya, tuje kwenye sola, maana najua mmekuwa mkiisubiri.

Andika kila kitu unachotumia: wati mara saa. Taa nne za wati 5, kila moja saa 5: ni 100. Simu mbili: 30. Laptopu ya wati 60 kwa saa 4: ni 240. Feni ya wati 45 usiku kucha, saa 8: ni 360, na pwani bila feni Februari hutalala. Jumla ni wati-saa 730 kwa siku. Sijaweka friji. Sijaweka pasi. Sijaweka ile mashine ya kukausha nywele.

Jua la kutegemea ni kama saa 5 za nguvu kwa siku. Gawa 730 kwa 5, unapata wati 146. Kuna kinachopotea kwenye joto, waya, vumbi na betri, kwa hiyo gawa tena kwa 0.7. Umefika karibu wati 210 za paneli. Hapo si pabaya.

Betri ndiyo inayouma. Masika inaweza kufunga jua siku mbili mfululizo, kwa hiyo unataka akiba ya siku mbili: 1,460. Betri za kawaida za risasi na asidi ukizitumia zaidi ya nusu unaziua mapema, kwa hiyo unahitaji 2,920. Kwa volti 12 hiyo ni zaidi ya Ah 240, yaani betri mbili kubwa ambazo mtu mmoja hazibebi. Ukichukua lithiamu, unaweza kutumia asilimia 80, na Ah 150 na kidogo zitakutosha. Ni ghali zaidi siku ya kununua, na inadumu zaidi. Betri ya gari hapana. Ile ilitengenezwa kustua injini mara moja, si kukuwashia feni usiku mzima. Wauzaji watakuambia "ni ile ile tu". Si ile ile.

Sasa pika. Jiko la koili la wati 1,000 kwa saa moja na nusu linakula 1,500. Umekula mara mbili ya kila kitu kingine kwa chakula kimoja cha jioni. Hii ndiyo sababu yule kijana wa video ana mtungi wa gesi nyuma ya mlango, ambao kamera haufiki. Gesi ile imekuja kwa meli na lori. Ni gridi tu, imevaa shati la bluu.

Na yule asiye na gesi anatumia nini? Kuni na makaa. Na makaa ya huku yanatoka wapi? Upande mmoja tuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, nyumbani kwa ndege na wanyama wadogo ambao huwezi kuwapata popote pengine kwa urahisi. Kila gunia la makaa ya kimya kimya lina kipande cha msitu ndani. Ukija kuishi maisha ya "asili" ukapikia makaa ya Arabuko, wewe ni mteja wa anayekata.

Lakini Gede pia ina jibu, tena la zamani kuliko video zenu. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wanaozunguka msitu na kuwauza nje. Msitu ukisimama, vipepeo wapo, na pesa ipo. Watu wamepanda mivinje shambani, wanavuna nguzo na matawi ya kuni bila kuingia msituni. Hao ndio wataalamu wa maisha nje ya gridi. Hujawaona kwenye simu yako kwa sababu wako shambani.

Sasa tuongee ardhi

Hapa ndipo mabroka wanapoanza kukohoa.

Mwaka wa 1895 Waingereza walikodi ukanda wa pwani wa maili 10 kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Gede iko ndani ya ukanda huo. Mwaka wa 1908 wakaleta sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai ardhi aje na madai yake yaandikishwe, isiyodaiwa iwe ya serikali ya kifalme. Wengi wa Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi, walibaki nje ya vitabu hivyo. Miaka michache baadaye, 1914, Wagiriama waliamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na Mekatilili wa Menza alikuwa ameshasimama kuwaambia watu wasikubali. Hiyo historia mnaijua kama jina la shujaa kwenye kitabu cha shule. Kwetu ni sababu ya jirani kuitwa skwota mahali alipozikwa babu wa babu yake.

Kwa hiyo unapoonyeshwa ploti "tupu", uliza kwanza tupu kwa macho ya nani. Ile minazi imepandwa na mtu. Ule mkorosho una mwenyewe, na huku kwetu mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikadaiwa na mwingine. Lile tuta lenye mawe si bustani, ni kaburi. Mwenye hati anaweza kuwa anaishi mbali sana, na hati yake ikawa halali kabisa mahakamani. Siku utakapoweka waya wa seng'enge, atakayehamishwa si yeye.

Huu ndio mchezo unaoniuma. Kijana aliyechoshwa na kodi ya nyumba Nairobi, mwenye shida ya kweli, anageuzwa kuwa mkono wa kumsukuma kijana mwingine wa Gede asiye na hati. Wote wawili hawana kitu. Anayepata ni wa katikati.

"Wewe una wivu tu"

Najua yatakayokuja, ngoja niyajibu mapema.

*"Katiba inaniruhusu kumiliki ardhi popote Kenya."* Ndiyo. Kifungu cha 40, na ninakitetea, kwa sababu hata mimi naweza kutaka shamba Nakuru kesho. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Vyote viwili viko kwenye kitabu kimoja. Usisome ukurasa mmoja.

*"Tunaleta kazi."* Mnaleta, zingine. Fundi wa makuti anapata, wa bodaboda anapata, muuza samaki anapata. Nashukuru, sina kinyongo. Lakini kazi ya kulinda lango la ardhi uliyokuwa unalima si zawadi. Na bei ya ardhi ikipandishwa na watu wa wikendi, kijana wa hapa anayetaka kuoa na kujenga anaenda kununua wapi?

*"Kwani wenyeji si ndio wanauza?"* Wanauza, tena wengine kwa kuficha ndugu zao. Mtu anayeuza robo eka ili alipe bili ya hospitali au karo hajaamua kwa hiari yake yote. Unaweza kununua kihalali na bado ujue umenunua shida ya mtu. Angalau nunua ukijua.

*"Sasa unataka tukae mjini tufe na stresi?"* Hapana. Nataka uanze. Soma hapa chini.

Anza hapo hapo ulipo

Kama una bedsita Githurai, Kisauni ama Malindi mjini, una shule tayari.

Wiki ya kwanza, soma mita yako. Uniti moja ya tokeni ni wati-saa 1,000. Andika kila jioni umetumia ngapi. Wengi wenu hamjui, na mtu asiyejua anachotumia hana anachoweza kukiacha.

Wiki ya pili, zima swichi kuu Ijumaa jioni hadi Jumapili. Ishi kwa betri ndogo na taa ya sola. Utajua haraka kama unapenda giza au unapenda picha ya giza.

Wiki ya tatu, maji. Mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku kwa kila kitu: kunywa, kupika, kuoga, kuosha vyombo, choo. Mwaga maji ya vyombo kwenye mche. Ukimaliza wiki bila kulia, umeshinda wengi wa hao wa kofia ya ukindu.

Halafu jifunze kazi ya mkono. Kuunganisha waya na chaji kontrola bila kuchoma nyumba. Kusafisha vichwa vya betri, maana chumvi ya pwani inavila mpaka viwe kijani. Kushona bomba. Kufanya choo kikavu kinachotenga mkojo na kinyesi, kikageuza uchafu kuwa mbolea ukisubiri muda wake. Fundi mmoja wa mtaani atakufundisha kwa miezi mitatu zaidi ya video mia tatu.

Baada ya hapo, kama moyo bado unataka pwani, KODI. Kodi chumba kwa mwenyeji, umlipe yeye. Kaa masika moja na kiangazi kimoja. Ona mbu wa Mei na kisima cha Februari. Jua majina ya majirani kabla ya kujua vipimo vya ploti.

Na ukifika siku ya kununua, usinunue kwa simu. Nenda ofisi ya ardhi Kilifi ukafanye sachi mwenyewe. Uliza nyumba tatu za jirani nani anaishi pale na nani amezikwa pale. Muone mzee wa kijiji na chifu. Hakikisha mke au mume wa muuzaji anajua na amekubali. Ardhi ya kilimo inahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yake yapelekwe ndani ya miezi sita ya makubaliano, la sivyo makubaliano yanakuwa hewa. Ukikuta familia inaishi pale bila hati, ondoka. Hakuna amani utakayoipata juu ya paa la mtu.

Neno kwa vijana wa Gede pia

Nisiwasahau nyinyi, maana wengine wenu ndio mnaowapeleka hao wageni kwenye ploti kwa pikipiki mkipata elfu mbili tatu za kuonyesha. Tunajuana.

Ujuzi wanaokuja kuutafuta uko kwenu. Unajua upepo wa kusi unaanza lini. Unajua kisima kipi kinageuka chumvi na kipi hakigeuki. Mama yako anajua kuhifadhi mahindi bila friji. Uza hayo. Fungua kazi ya kufunga matangi ya mvua, ya kutengeneza betri, ya kupanda mivinje, ya kumpokea mgeni aje akae mwezi mmoja ajifunze na alipe. Ardhi ukiiuza umeiuza mara moja, na mwakani utakuwa unamwagilia maua ya mtu palipokuwa na muhogo wa baba yako.

Na tuendelee kudai stima, maji na hati bila aibu. Sola ya kibandani isitumike kama dawa ya kutunyamazisha. Siku kila nyumba ya Gede itakapokuwa na nguzo mlangoni na hati kabatini, mtu akiamua kuzima swichi akawasha taa yake ya jua, siku hiyo nitampigia makofi. Atakuwa amechagua.

Mpaka hapo, ukiona video ya kibanda, makuti na muziki wa taratibu, uliza maswali matatu tu: maji yanatoka wapi, anapikia nini, na hapo palikuwa kwa nani. Asipojibu, pita.